Mtoto wa mbwa analia kizimbani: tafuta sababu kabla ya kutafuta fimbo

Siku ya pili tangu Bobi aletwe nyumbani kwetu Kimara, saa nane za usiku, nilikuwa nimesimama sebuleni na kandambili mkononi. Alikuwa na umri wa wiki 8. Alikuwa amelia karibu saa nzima, na mpangaji wa chumba cha pili alishagonga ukuta mara mbili. Niliinua ile kandambili nipige juu ya kizimba anyamaze. Kabla sijapiga, akaacha kulia mwenyewe. Akazunguka mara mbili pale pale, akanusa kona, akachuchumaa, akakojoa. Kisha akaenda upande mkavu, akajikunja, akalala fofofo.

Saa nzima ile alikuwa anaomba atolewe nje.

Tangu hapo, majirani na jamaa wanapopata mtoto mpya wa mbwa hunipigia simu, na karibu wote huanza na swali moja: nimfanyeje anyamaze? Huwa nawarudisha nyuma hatua moja. Mtoto wa mbwa hunyamaza akipata anachokihitaji, au hunyamaza akikata tamaa, na wewe uliyelala chumbani gizani huwezi kusikia tofauti. Aliyekata tamaa ndiye atakayekuja kugoma kukanyaga kizimba mwezi ujao. Kwa hiyo hapa nimepanga matatizo kwa dalili: unachokiona, kinachoweza kukisababisha, namna ya kutenganisha sababu moja na nyingine, halafu cha kufanya.

Kwanza kikague kizimba chenyewe

Malalamiko mengi ninayoletewa huishia hapa, kabla hatujafika kwa mbwa.

Kipimo ni hiki: mtoto asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, na alale ubavu akiwa amenyoosha miguu. Watu huchongesha kikubwa mara moja kwa sababu mbwa atakua na fundi hafanyi kazi bure. Hilo naelewa. Ila kigawe ndani kwa ubao, uwe unausogeza kadiri anavyoongezeka mwili. Ukimwachia nafasi yote akiwa mdogo, atageuza upande mmoja kitanda na upande wa pili choo.

Wavu wa kuku haufai. Meno ya mtoto ni madogo lakini yana ncha kama sindano; atauchomoa uzi baada ya uzi, na zile ncha zitamchoma fizi au jicho. Fundi wa kuchomelea akikutengenezea cha nondo nyembamba, mwambie nafasi kati ya nondo na nondo isipitishe kichwa wala taya, na kila palipochomelewa pasuguliwe pawe laini. Kabla hujamlipa, ingiza mkono upapase pembe zote kwa kiganja kitupu. Kikipakwa rangi, kiache nje mpaka harufu iishe kabisa. Na mtoto anapoingia kulala, mvue mkanda wa shingoni, hata kama ni wa kulegea. Kile kipete cha chuma kikinasa kwenye nondo na hakuna mtu karibu, anaweza kujinyonga.

Halafu mahali. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoa hasa kwa kuhema. Ukikiweka kizimba chini ya bati lililopigwa na jua la saa saba mchana, au kwenye kona isiyo na upepo, hata huko kuhema hakumsaidii. Hapa Dar, kuanzia Desemba hadi Machi, mahali palipokuwa na kivuli asubuhi panaweza kuwa tanuri mchana. Kaa hapo wewe mwenyewe, sakafuni, robo saa, katika saa ile ile utakayomweka. Mwili wako utakwambia.

Analia usiku

Hili ndilo kubwa, na ndilo linalofanya watu wamrudishe mbwa alikotoka. Usianze kwa kujibu kilio. Angalia kimeanza saa ngapi na mwili wake unafanya nini.

Kama analia mara tu unapofunga mlango na kuzima taa, na tumbo lake liko sawa na ametoka kujisaidia dakika chache zilizopita, huo ni upweke. Fikiria alikotoka: hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe. Alikuwa akilala kwenye rundo la ndugu zake, pua kwenye ubavu wa mwenzake, joto la mama liko karibu. Leo amewekwa kwenye chumba kitupu chenye harufu asizozijua. Kulia kwake ni namna ya kumwita mama, na mtoto aliyepotea porini angefanya hivyo hivyo ili aishi.

Dawa ya upweke ni kuwa karibu, kisha kuondoka polepole. Wiki ya kwanza kizimba kiwe kando ya kitanda chako, mahali unapoweza kushusha mkono akanusa vidole. Ulipomchukua, kama uliomba kitambaa kilicholaliwa na mama yake, kiweke ndani bila kukifua. Akishalala usiku mzima kwa siku nne au tano mfululizo, sogeza kizimba hatua mbili kuelekea mlangoni. Kaa hapo siku kadhaa, sogeza tena. Ukiharakisha akaanza kulia upya, rudi hatua moja, hujapoteza chochote.

Najua kwetu nyumba nyingi mbwa haingii ndani, kwa dini au kwa mazoea, na sina neno na hilo. Weka kizimba kibarazani chini ya dirisha la chumba chako, pasiponyesha, upande usiovuma upepo. Fungua dirisha. Akilia, mwite jina lake kwa sauti ya chini mara moja, basi. Mtu mmoja wa familia akiweza kutandika mkeka pale kibarazani kwa siku tatu za mwanzo, kazi yote hupungua nusu. Kinachoharibu ni kumpeleka mtoto wa wiki 8 nyuma ya nyumba kwenye banda la mbwa mkubwa, peke yake, usiku wa kwanza.

Kama alilala vizuri, akaamka baada ya saa mbili au tatu, akawa ananung'unika, anazunguka, ananusa sakafu, hiyo ni haja. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Mchana, makisio yanayotumika sana ni umri wake kwa miezi ukijumlisha moja: wa miezi 2 anaweza kujizuia kama saa tatu, na hicho ndicho kikomo, usimpimie hapo kila siku. Usiku mwili umetulia, hufika mbali kidogo. Usingoje alie. Tegesha simu ikuamshe kabla ya saa aliyolia jana. Mtoe ukiwa umembeba, maana akitembea mwenyewe atakojolea mlangoni. Taa iwe ndogo, usimwongeleshe, usicheze naye. Simama mahali pale pale kila siku. Akimaliza mwambie kwa upole "vizuri", mrudishe, funga. Dakika tano zimetosha. Baada ya siku tatu nne, sogeza saa ya kuamka mbele kwa robo saa, kisha nusu saa. Watoto wengi wakifika miezi 4 hulala karibu usiku wote.

Wapo wanaoondoa maji mchana kutwa ili mtoto asikojoe. Usifanye hivyo kwenye nchi ya joto. Ondoa bakuli saa moja au mbili kabla ya kulala, inatosha.

Kama analia huku ulimi uko nje, anahema haraka, na amesukuma godoro pembeni ili alale kwenye saruji, ni joto. Ondoa godoro, fungua hewa. Ukikuta mate mengi mazito, fizi nyekundu sana, anayumba akisimama, hiyo imeshakuwa hatari ya maisha: mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwilini, mpepee, na mkimbize kwa daktari wa mifugo huku bado amelowa. Joto la kawaida la mbwa liko kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 40 usisubiri.

Kuna mwingine hulala na kuamka kila baada ya dakika chache, akijing'ata kiuno na mzizi wa mkia. Mpanue manyoya kwa vidole viwili pale juu ya mkia. Ukiona punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, ziweke kwenye karatasi nyeupe yenye maji; zikitoa rangi ya kutu, ni kinyesi cha viroboto, yaani damu yake. Hakuna mafunzo yatakayomlaza mbwa anayenyonywa. Dawa za kuogeshea ng'ombe na za mbwa wakubwa zinaweza kumuua mtoto, kwa hiyo umri na uzito wake mwambie daktari kwanza. Na aliyevimba tumbo kama ngoma, mbavu zinaonekana, ana minyoo. Watoto wengi huzaliwa nayo tayari, wameipata tumboni mwa mama. Hupewa dawa kuanzia wiki ya 2, ikarudiwa kila wiki mbili mpaka kama wiki ya 12. Muulize aliyekuuzia kama alianza. Asipokuwa na jibu la uhakika, chukulia hakuanza.

Zikiondoka zote hizo, ndipo inabaki tabia. Hii utaijua kwa macho: anabweka kwa sauti kamili, anatulia akisikia kitanda chako kinalia, anasikiliza, anaanza tena. Amejifunza kwamba kelele inafungua mlango. Na aliyemfundisha ni sisi. Ukivumilia nusu saa halafu ukachoka ukafungua, umemfundisha kwamba kazi ni nusu saa. Kesho ataanza akiwa na pumzi ya nusu saa. Hapa kanuni ni moja: mlango unafunguka kimya kikiwepo, hata cha kuhesabu moja mpaka tatu. Kama una shaka kwamba ni haja, mtoe, ila kwa utaratibu ule ule wa choo, bila raha yoyote. Asipokojoa ndani ya dakika tano, anarudi ndani. Siku ya pili au ya tatu kelele kawaida hupanda kabla ya kushuka, na hapo ndipo wengi huachia. Waambie majirani mapema. Mimi nilimpelekea yule mpangaji mwenzangu chapati asubuhi, nikamweleza itachukua wiki moja. Hakugonga ukuta tena.

Anachafua kizimba

Mbwa kwa asili hapendi kulala kwenye uchafu wake. Kuanzia wiki ya tatu hivi ya uhai wake hujikongoja kutoka pale anapolala ili akajisaidie pembeni. Kizimba kinatumia tabia hiyo. Kwa hiyo anapochafua ndani, kuna kitu kimemzidi nguvu au kuna kitu kimeiharibu tabia.

Uliza kwanza ukubwa, tumeshausema. Uliza muda: amekaa humo saa ngapi? Kisha uliza ratiba ya chakula. Mtoto anayeachiwa bakuli la ugali na dagaa kutwa nzima ale anapotaka, atajisaidia pia wakati wowote. Mpe mara tatu au nne kwa siku kwa saa zinazojulikana, ondoa kilichobaki baada ya robo saa. Tumbo likiingia chakula, utumbo husukuma. Wengi hutaka haja kubwa kati ya dakika 5 na 30 baada ya kula. Kwa hiyo nyakati za kumtoa ni nne, zikariri: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kuingia kizimbani. Simama naye mpaka amalize. Watu humfungulia mlango, wao wakabaki wameshika simu, mtoto anafukuza kipepeo, anarudi ndani, anakojoa. Hapo mbwa hana kosa.

Mahali pa kumtolea pia ni muhimu kabla chanjo hazijakamilika. Usimpeleke kwenye jalala wala njia wanakopita mbwa wa mtaa. Tafuta kona ya uwanja wenu ambayo mbwa wengine hawafiki.

Matandiko yanayonyonya, kama godoro la sifongo au blanketi nene, nayo hudanganya: anakojoa, mkojo unazama, anabaki mkavu, hana sababu ya kujizuia. Kwa wiki mbili tatu tumia khanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili tu, au gunia safi. Likilowa atajua.

Harufu. Sisi tukishasugua na jiki tunaona pamesafika, lakini pua yake bado inasoma "hapa ni choo". Tena jiki ikikutana na mkojo mwingi hutoa hewa inayochoma macho na kifua, usiitumie palipolowa. Anza na maji na sabuni, suuza vizuri, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukianike kizimba juani milango wazi. Kizimba cha mbao kilichonywa mkojo kwa wiki kadhaa mara nyingi hakiokoki sakafuni. Badilisha ule ubao wa chini, uweke wenye rangi ya kuzuia maji.

Nguo za kulalia zifue, kisha zikauke kabisa au zipigwe pasi pande zote mbili. Hii si usafi wa kuonyesha wageni. Kwetu kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na udongo wenye harufu ya mkojo. Mabuu yake huingia kwenye ngozi ya mtoto na kutokea kama majipu yenye kitundu katikati. Ukiyaona tumboni au mapajani, usiyaminye kwa nguvu yakapasukia ndani. Mpeleke akatolewe.

Yupo mtoto mgumu kuliko wote: aliyezaliwa na kukulia kwenye boksi chafu, akauzwa barabarani. Kwake uchafu ni kitu cha kawaida, ile asili imeshafutwa. Huyu usimtegemee kizimba kikufundishie. Mtoe kila saa moja mchana, msifu sana kila anapojisaidia nje, mbadilishie matandiko kila yanapolowa hata kama ni mara sita kwa siku, mpaka mwili wake ujue ukavu ni nini. Huchukua wiki nyingi. Nimeona wakifaulu, ila hakuna aliyefaulu kwa kupigwa wala kwa kusuguliwa pua kwenye kinyesi. Anachojifunza hapo ni kujificha na kukila ili kisionekane.

Na kuna uchafu usiohusiana na mafunzo hata kidogo. Matone ya mkojo kila dakika chache, anajikamua, pengine una rangi ya damu: njia ya mkojo ina maambukizi. Kuhara siku moja baada ya kubadilishiwa chakula ni jambo la kawaida, lakini kuhara maji yenye damu na harufu kali, kutapika, kulegea na kukataa kula kwa mtoto ambaye hajamaliza chanjo, chukulia ni pavo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa, na usilale nayo mpaka asubuhi. Kirusi chake hukaa mazingirani miezi mingi, na kwa hicho jiki inafaa: sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa na kusuuzwa. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha kama miezi 3.

Anagoma kuingia

Uliza nani alimsukuma. Karibu kila mara kuna siku aliyobebwa mzobe akatumbukizwa, au aliadhibiwa humo. Dada mmoja wa jirani yangu alikuwa akimfungia mtoto kila alipotafuna kiatu, huku akigonga juu kwa ufagio. Baada ya wiki mbili mtoto akiona kizimba tu anajikojolea. Tulifungua bawaba, tukauondoa mlango kabisa. Siku ya kwanza bakuli la chakula liliwekwa hatua tatu kutoka kizimbani. Alikula akiwa amenyoosha shingo, miguu ya nyuma imekaa tayari kukimbia. Kila mlo tukalisogeza upana wa kiganja. Siku ya sita kichwa kiliingia. Siku ya tisa aliingia mwili mzima, akala, akatoka taratibu, halafu akarudi mwenyewe kulamba sakafu. Hapo ndipo tuliporudisha mlango, na bado siku mbili ulibaki wazi.

Kwa mtoto asiye na kidonda cha namna hiyo inakwenda haraka zaidi. Tupia ndani kipande kidogo cha maini yaliyochemshwa, sema "ndani" akiwa anaingia, mwache atoke. Rudia mara kumi, acha. Baadaye sukuma mlango bila kufunga. Kisha funga kwa sekunde tano, fungua kabla hajalalamika. Halafu dakika moja ukiwa umekaa pale, dakika tano ukiwa unapika, nusu saa akiwa amechoka na mchezo. Mtoto wa umri huu hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Mwingize usingizi unapomvuta, utaona huna kazi kubwa. Milo yake mingi aile humo humo. Na watoto wa nyumbani waambiwe: akiwa ndani, hakuna kumchokoa kwa kijiti, hakuna kuingiza mkono. Hapo ni pake.

Anatafuna nondo, anakwaruza mlango

Umri kwanza. Meno ya utoto ni 28, huanza kung'oka karibu na miezi minne, na 42 ya ukubwani huwa yamekamilika akiwa na miezi sita au saba. Kati ya hapo fizi zinawasha, na lolote gumu ni nafuu kwake. Lowesha kitambaa safi, kisokote, kigandishe kwenye friji, mpe. Karoti nzima iliyogandishwa inafanya kazi ile ile, ukiwa unamwangalia. Mifupa iliyopikwa usimpe, hasa ya kuku; hupasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo.

Kama si meno, huenda hajachoka. Mtoto aliyelala tangu asubuhi ukamfungia tena mchana ataivunja nyumba. Mpe kwanza robo saa ya kucheza na kunusa uwanjani, ajisaidie, ndipo aingie.

Lakini tofautisha kuguguna na hofu kuu. Anayeguguna hupumzika, hubadilisha upande, hulala. Mwenye hofu haachi. Utakuta kifua kimelowa mate, kucha zimevunjika, damu kwenye nondo, kinyesi kimekanyagwa kila mahali, na hilo hutokea kila unapoondoka, hata kwa dakika kumi. Huyo mtoe kizimbani leo. Usimkazie komeo, usimnunulie cha chuma kizito zaidi. Mbwa mwenye hali hiyo huweza kung'oa meno yake mwenyewe. Mweke kwenye chumba kidogo au sehemu iliyozungushiwa uzio, asibaki peke yake kwa sasa, na umwone daktari wa mifugo. Wapo mbwa ambao kizimba hakiwafai maishani, na si aibu ya mtu.

Mchana hakuna mtu nyumbani

Hapa nasema wazi: mtoto wa miezi 2 hakai kizimbani kuanzia saa moja asubuhi unapokimbilia daladala mpaka saa kumi na mbili jioni. Hakuna ujanja wa mafunzo utakaolifanya hilo liwe sawa. Uswidi sheria yao hairuhusu kabisa mbwa kuwekwa kizimbani ndani ya nyumba kama mtindo wa kila siku. Inaachia safari, mashindano na mambo ya namna hiyo. Sisi hatuna sheria hiyo, tuna dhamiri. Panga na dada wa kazi, mwanafunzi anayerudi saa nane, au mama wa jirani anayeshinda nyumbani, amtoe kila baada ya saa mbili tatu na kumpa chakula. Akikosekana mtu, tengeneza uzio mdogo kwenye kivuli, ndani yake kizimba kiwe wazi, maji yawe kwenye chombo kizito kisichopinduka, na upande wa mbali pawe na mchanga wa kujisaidia.

Wapo watakaokwambia mbwa wa ulinzi hufungiwa mchana kutwa na kuachiwa usiku ili awe mkali. Anakuwa mwoga anayebwekea kila kitu, na mwoga huuma mtoto wa nyumbani kabla ya mwizi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo anapojifunza watu ni nani, pikipiki ni nini, ufagio ni nini. Wiki hizo akizimalizia gizani hazirudi.

Alishazoea, ghafla amekataa

Pima kwanza kama bado anaenea; kati ya miezi 4 na 6 hukua upesi kuliko unavyoona. Kisha kumbuka kilichotokea siku moja kabla: radi, fataki za mwaka mpya, kizimba kuhamishwa karibu na jenereta. Ukipata chanzo, rudisha kizimba kilipokuwa na uanze tena na mlango wazi siku mbili tatu. Usipokipata, mpapase mwili mzima taratibu, masikio, miguu, tumbo, uone pale anapokwepa mkono, maana mbwa mwenye maumivu hukataa kujikunja.

Na ukiona analala kichwa kimetoka nje ya mlango, matako ndani, kila siku, mwondolee ubao wa kugawa. Kama ubao ulishaondoka, mwite fundi apime upya.